Uzoefu wangu: ziara ya nusu siku katika Mji Uliokatazwa, hadi kwenye kisima cha Zhen

Oktoba iliyopita nilikwenda Beijing kumtembelea mdogo wangu anayesoma huko, na kwa kuwa yeye alikuwa na vipindi kutwa, nililipia ziara ya nusu siku ya Mji Uliokatazwa, kasri la wafalme wa zamani wa China, kwa kampuni moja ya utalii iliyoahidi mwongozaji anayezungumza Kiswahili. Ahadi hiyo ilitimizwa. Alikuja binti aliyesomea lugha yetu chuo kikuu hapo hapo mjini, akaniamkia "Shikamoo, dada", na mpaka tulipoagana sikumsikia akitafuta neno.

Ratiba ndiyo iliyonikwaza. Kasri lina ukubwa wa hekta 72, lakini kampuni huwapitisha wageni katikati tu, kutoka lango la kusini hadi la kaskazini. Nilipoomba twende upande wa mashariki, niliambiwa niongeze malipo ya saa mbili za mwongozaji, ilhali tiketi ya upande huo, ambako pia huoneshwa hazina za kasri, ni yuan 10 tu juu ya yuan 60 za kiingilio. Nililipa, na sijutii, kwa sababu kilichonitoa nyumbani ni kisima kilichoko huko.

Kisima hicho kinahusu Mfalme Guangxu, aliyekalishwa kitini mwaka 1875 akiwa na miaka 3, huku shangazi yake, Malkia Mjane Cixi, akitawala nyuma ya pazia. Mwaka 1889 Cixi alimwoza mfalme binti wa ndugu yake mwenyewe ili awe malkia, na pamoja naye wakaingia kasrini, wakiwa wake wadogo wa mfalme, ndugu wawili wa kike, Jin na mdogo wake Zhen. Moyo wa mfalme ulimwangukia Zhen. Si kwamba Zhen hakuwa na doa, kwa maana mwaka 1894 alishushwa cheo kwa tuhuma za kupokea fedha za watu waliotafuta uongozi. Lakini mfalme alipoanza kutoa amri za mageuzi Juni 1898, Zhen alisimama upande wake waziwazi. Siku 103 baadaye Cixi aliyazima mageuzi hayo, akamfungia mfalme katika kisiwa cha ziwa lililo magharibi ya kasri, na Zhen akafungiwa chumba katika pembe ya kaskazini-mashariki. Walikuwa mwendo mfupi tu mmoja kutoka kwa mwenzake.

Agosti 1900, majeshi ya nchi nane za kigeni yalipoingia Beijing, Cixi alijiandaa kukimbilia mji wa Xi'an pamoja na mfalme. Inasimuliwa kwamba Zhen aliomba mfalme abaki azungumze na wageni hao, na kwamba Cixi alimwamuru towashi Cui Yugui amtumbukize kisimani. Msafara uliporudi, amri ya kifalme ilitangaza kwamba Zhen alishindwa kuufuata msafara akafa kwa uaminifu wake, na kwa hiyo akapandishwa cheo. Mwongozaji alinisomea tangazo hilo kwa Kichina, kisha kwa Kiswahili, polepole, na alipofika kwenye neno "uaminifu" alinyamaza kidogo.

Kisima chenyewe kiko ndani tu ya lango ambalo jina lake ni Lango la Uaminifu na Utii. Ni kidogo kuliko nilivyodhani: mdomo wa jiwe la mviringo ambao mtu mzima angeuzungushia mikono, na juu yake pamepitishwa chuma. Karibu yake Jin alimwekea mdogo wake mahali pa kumkumbukia. Kwangu mimi huo ndio uaminifu usio na shaka katika habari yote hii, kwa kuwa Jin hakuufanya kwa ajili ya cheo. Guangxu alifariki tarehe 14 Novemba 1908, siku moja kabla ya Cixi, na mwaka 2008 watafiti wa China walitangaza kwamba nywele za mfalme huyo zilikuwa na sumu ya aseniki. Jin na Zhen wamezikwa jirani, karibu na kaburi la Guangxu.

Jambo moja nilimsahihisha mwongozaji. Alimwita Zhen "suria", nami nikamweleza kwamba kwetu pwani neno hilo linamhusu mwanamke mtumwa, ilhali Zhen alikuwa binti wa ofisa mkubwa, aliyeingia kwa kuchaguliwa na kupewa cheo. Tukakubaliana kwenye "mke mdogo". Aliandika kwenye daftari lake.

Anayetaka kwenda akumbuke kwamba tiketi huwekwa mapema kwa pasipoti na kwamba Jumatatu hufungwa, na kabla ya kulipa aiombe kampuni iandike upande wa mashariki ndani ya ratiba. Mwongozaji yule ningemchagua tena bila kusita. Kampuni sitairudia mpaka iache kukitoza kisima kama nyongeza.