Jiko lipi ununue ili moshi uondoke nyumbani: tumeyapanga kuanzia bora

Kwenye nyumba nyingi za kwetu hewa huchafuka kuanzia jikoni. Kununua mashine ya kusafisha hewa wakati mkaa unawaka koridoni ni kupiga deki huku bomba linavuja. Tatizo ni kwamba hata waliokwisha kununua mtungi wa gesi bado wana gunia la mkaa nyuma ya mlango, kwa sababu ya maharage. Hakuna anayetaka kumaliza gesi kwa chungu kimoja cha makande. Kwa hiyo majiko haya tumeyapima kwa swali moja: lipi litauondoa mkaa kwenye vyakula vinavyochelewa kuiva?

1. Jiko la presha la umeme, lita 6

Halipiki chapati, na ugali humo ni mateso, lakini ndilo la kwanza. Linakula wati 1000 hivi, na si muda wote: likishapata presha hujizima na kujiwasha lenyewe. Nusu kilo ya maharage ambayo hayakulowekwa huiva kwa dakika 45 hadi 60, kwa nusu uniti hivi ya umeme. Jiko la koili la wati 1500 likiwaka moto wote kwa saa mbili linamaliza uniti 3.

Ukiwa dukani, fungua mfuniko uguse raba, kisha uliza kama raba na vali za akiba zinapatikana. Raba ndiyo hufa mapema. Ikilegea, mvuke hutokea pembeni, presha haipandi, maji yanakauka na chakula kinaungua chini. Chagua lenye kitufe cha kuweka dakika mwenyewe, maana programu za kiwandani hazijui maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima. Sufuria ya ndani iwe ya chuma kisichoshika kutu. Zile nyeusi zisizogandisha huchubuka zikikutana na mwiko wa chuma.

Maharage na maji yake yasivuke nusu ya sufuria, kwa sababu povu huziba tundu la mvuke. Umeme ukikatika katikati usifungue: joto lililomo linaendelea kuivisha kwa muda. Ukirudi, weka dakika zilizobaki.

2. Gesi, jiko la plate mbili

Hili ndilo la chai, chapati, ugali na mchuzi wa haraka. Likiwa pamoja na la presha, mkaa hauna kazi tena. Mtungi wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja au wawili. Familia ichukue wa kilo 15 Tanzania, au 13 Kenya.

Usibane pesa kwenye regyuleta na mpira. Mpira uliokakamaa au wenye nyufa unapokunjwa, ubadilishe. Kila unapofunga mtungi mpya, paka povu la sabuni kwenye maungio: mapovu yakivimba, gesi inavuja, na usiwashe. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutulia sakafuni, hivyo uwazi chini ya mlango una kazi kama dirisha. Mtungi usimame wima, usilazwe hata ukikaribia kuisha.

Mwali uwe wa bluu. Ukigeuka njano na sufuria zikashika masizi, matundu ya jiko yameziba. Yasugue kwa brashi kavu. Hata mwali wa bluu hutoa naitrojeni dayoksaidi, gesi inayowasha mapafu, kwa hiyo fungua dirisha unapopika.

3. Induksheni

Ni jiko la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku. Ni ya haraka na haina moto, lakini haitambui sufuria za alumini, na alumini ndiyo iliyojaa makabatini mwetu. Nenda dukani na sumaku: sufuria isiyoishika haitapika. Wati 2000 pia hazitaki ekstensheni nyembamba. Waya uwe na unene wa milimita mraba 1.5 au zaidi, la sivyo plagi inayeyuka. Panapokatika umeme mara kwa mara, gesi inaishinda.

4. Etanoli

Hili ni jiko linalochoma spiriti. Hewa yake ni safi kiasi. Mwali wake hauonekani vizuri mchana, na hapo ndipo watu huungua: usiongeze etanoli jiko likiwa la moto. Hakikisha kwanza kwamba kituo cha kujazia kipo karibu.

5. Jiko la mkaa lililoboreshwa

Yale yenye kikombe cha udongo, yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, yanaokoa mkaa kweli. Hayaokoi mapafu kwa kiasi hicho. Makaa yakishakuwa mekundu moshi hauonekani tena, ila kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayoweza kuua, inaendelea kutoka, haina rangi wala harufu. Usiliingize chumbani, hata usiku wa baridi.

Jiko la mafuta ya taa usinunue kabisa. Tangu 2014 Shirika la Afya Duniani halishauri mafuta hayo yatumike majumbani.

Je, mashine ya kusafisha hewa? Ije baada ya jiko, na baada ya kuacha dawa ya mbu ya kuchoma: utafiti wa 2003 ulikuta kipande kimoja kinatoa chembe laini sawa na sigara 75 hadi 137. Tumia chandarua. Mashine iwe na kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Haiondoi kaboni monoksaidi. Chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.5, kina mita 30 za ujazo. Ili hewa izunguke mara 5 kwa saa unahitaji mashine ya mita za ujazo 150 kwa saa. Inayojisifu kwa ozoni iache, ozoni yenyewe inaumiza mapafu. Na uulize bei ya kichujio cha kubadilisha kabla ya bei ya mashine, kwani kikiziba na hakipatikani mjini kwako, umebaki na feni ya bei ghali.