Chipu ya silikoni yenye hita: nyota 4, ila soma hapa kabla hujaoda

Wadau wa mwanga, hii chipu nimekaa nayo maabara vya kutosha, sasa naweza kuisemea. Ni zile za oda ya pamoja, watu kibao mnagawana wefa moja (kile kisahani cha silikoni kinachokatwa chipu) ili bei ishuke. Ni chipu ya kupitishia mwanga: njia zake ni za silikoni, unene nanomita 220 upana kama 500, zimefunikwa glasi halafu juu yake ndo kuna vihita vya titani naitraidi. Unapitisha umeme, hita inapata moto, silikoni ya chini nayo inapata joto na mwanga unaopita humo unachelewa kidogo. Basi, hakuna kinachosogea hata kimoja.

Kilichonikosha kabisa ni swichi ya Mach-Zehnder. Mwanga unagawanyika njia mbili, moja unaipasha, zikikutana tena ama zinaongezeana nguvu ama zinafutana. Hita ya maikroni 100 na leza ya nanomita 1550, nyuzijoto 43 hivi za ziada zinatosha kugeuza wimbi nusu mzunguko! Unapandisha volti taratibu macho kwenye mita ya mwanga, namba inashuka inashuka mpaka karibu giza, ukiendelea inaanza kupanda tena, yaani raha tupu. Ila msipande kwa hatua sawa za volti jamani, joto linafuata nguvu ya umeme, ukitoka volti 2 kwenda 4 joto linakuwa mara nne na utaruka lile giza lote bila kuliona. Pandeni kwa miliwati.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya ulaji umeme na joto kuvuja. Hita ya kawaida inakula kama miliwati 20 mpaka 30 kugeuza hiyo nusu mzunguko na inakula muda wote ikiwa imewashwa, sasa weka hita mia uone. Halafu joto halikai kwa mwenyewe, linaenda kwa jirani, na ringi (njia za mwanga za duara zinazochagua rangi moja ya mwanga) ndo zinateseka zaidi maana nyuzijoto moja tu inahamisha rangi ya ringi ya silikoni karibu nanomita 0.07, unarekebisha hii ile ya pembeni inahama. Kama kiwanda chako kinatoa chaguo la kuchimba mifereji pembeni ya hita lipia tu, umeme unapungua sana, japo hita inakuwa nzito kupoa.

Spidi ni makumi ya maikrosekunde. Kuelekeza mwanga au kurekebisha rangi ya ringi inatosha sana, ila kama unataka kuandika data za gigabiti kwenye mwanga hii sio yako, tafuta modyuleta za chaji, zile zinazobadili mwanga kwa chaji za umeme badala ya joto.

Na peltia (kifaa cha umeme cha kupoza au kupasha chipu ili joto lake lisibadilike) chini ya chipu ni lazima, bila hiyo hata kiyoyozi cha chumba kikizima utaona ringi zote zimehama.