Samani za Mtumba Uholanzi: Tathmini ya Duka la Kringloop kwa Anayetoka Lamu

Tangu niliporudi Lamu kutoka Rotterdam, vijana wa Mkomani na Langoni wanaojiandaa kuwafuata wake au waume zao Uholanzi, pamoja na jamaa zangu wa Malindi, wamekuwa wakiniuliza jinsi mtu aliyeshuka ndege na masanduku mawili anavyoweza kuijaza nyumba vyombo bila kuingia kwenye deni. Jibu langu ni kwamba aanzie kwenye duka la kringloop, na kwamba aende akiwa tayari kusema Kiholanzi, hata kama anachokijua ni maneno ya siku ya kwanza darasani.

Kringloopwinkel ni duka linalouza vitu vilivyokwisha tumika, ambavyo wenyewe wamevitoa bure. Mengi ya maduka hayo huendeshwa na jumuiya zisizotafuta faida, zinazofanana na wakfu kama tunavyoujua sisi, na miongoni mwa wanaohudumu humo wapo wazee wanaojitolea, wageni wanaojifunza lugha, na watu ambao wangepata taabu kuajiriwa kwingineko. Takriban kila mji una duka la namna hiyo, na miji mikubwa ina mengi. Ndani utakuta makabati, meza, viti, mapazia, taa, vyombo vya jikoni, vitabu, baiskeli na nguo, kila kimoja na kibandiko cha bei.

Ili thamani ya duka hili ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke hali ya nyumba yenyewe. Nyumba za kupanga Uholanzi hutangazwa kwa daraja tatu: iliyo tupu, ambayo huitwa kaal, iliyotiwa sakafu na mapazia, yaani gestoffeerd, na yenye samani zote, yaani gemeubileerd. Wanaotoka kwetu hushtushwa na ile ya kwanza, kwa sababu utupu wake ni utupu kweli kweli. Unafungua mlango unakuta saruji, nyaya za taa zikining'inia darini, na madirisha makubwa yasiyo na hata fimbo ya pazia, maana mpangaji aliyetangulia alikuwa na wajibu wa kung'oa alichokiweka, isipokuwa kama mpangaji mpya amekubali kukichukua, mara nyingi kwa malipo. Makubaliano hayo huitwa overname, na ninamshauri kila mtu ayaulizie kabla ya kutia saini, kwa sababu sakafu ndiyo gharama inayovunja mgongo na ndiyo kitu ambacho kringloop haisaidii sana. Mabaki ya zulia hupatikana humo, lakini ni nadra kutosha chumba kizima.

Kringloop inapong'ara ni katika mbao. Waholanzi wa kizazi kilichopita walipenda makabati mazito ya mti wa mwaloni, yenye rangi iliyokoza na milango ya kuchonga, na watoto wao hawayataki. Kwa hiyo kabati ambalo fundi wa Lamu angelisifu kwa viungo vyake huuzwa kwa bei ya chini kuliko kabati jipya la mbao za unga zilizoshindiliwa kwa gundi, ambalo likifunguliwa na kufungwa tena mara mbili tu, skrubu hazishiki. Mtu aliyekulia karibu na karakana zetu anajua la kufanya: avute droo aangalie kona zake, apige ubao kwa kidole asikilize, ainame atazame nyuma na chini, mahali ambapo muuzaji hakupiga polishi.

Hata hivyo, kabla ya kulipa, apime ngazi. Lamu mizigo hubebwa na punda, na upana wa kichochoro ndio unaoamua ukubwa wa kabati. Uholanzi uamuzi huo ni wa ngazi, ambazo katika nyumba za zamani ni nyembamba na zimesimama wima kiasi cha kumfanya mgeni azishuke kinyumenyume. Ndiyo sababu nyumba nyingi kongwe za Amsterdam zina boriti yenye ndoana juu kabisa ya ukuta wa mbele: samani huvutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Siku hizi watu hukodi lifti ya kuhamia, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya kabati lenyewe.

Kwenye rafu za sahani nilikaa zaidi ya ilivyohitajika, na wasomaji wenye mabibi waliotundika sahani ukutani watanielewa. Viwanda vya vyombo vya mji wa Maastricht, Uholanzi, kikiwemo kile cha Petrus Regout, viliuza bakuli na sahani zao mpaka pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19, na baadhi yake ziliishia kwenye kuta na vidaka vya nyumba zetu. Geuza sahani katika kringloop na huenda ukakuta muhuri wa Maastricht chini yake, kwa bei ya kikombe cha kahawa. Si lazima kununua, lakini mimi nilinunua.

Kwa upande wa sufuria, tahadhari inahitajika. Nyumba mpya za Uholanzi kwa kawaida haziungwi tena kwenye bomba la gesi tangu Julai 2018, na zilizofanyiwa ukarabati nyingi zina jiko la umeme la induksheni, ambalo hupasha chombo chenye kitako kinachoshikwa na sumaku pekee. Sufuria zetu za alumini, hata ziwe nzito namna gani, zitakaa juu yake baridi kama zilivyotoka kabatini. Kwa hiyo usibebe seti ya sufuria kutoka nyumbani. Nenda kringloop na sumaku ndogo mfukoni, uigusishe kwenye kitako cha kila chungu, na kinachoshika ndicho chako. Kitu cha kubeba ni mbuzi ya kukunia nazi, kwa kuwa hiyo sikuiona katika duka lolote la mtumba.

Sasa nije kwenye lugha, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu kubwa zaidi ya kulipendelea duka hili kuliko yale makubwa ya samani mpya, ambako mtu anaweza kuingia, kulipa kwenye mashine na kutoka bila kumsemesha binadamu yeyote. Mwenza anayetoka Kenya kwa kawaida hutakiwa kufaulu mtihani wa awali kabla ya kusafiri, unaofanyika ubalozini na wenye sehemu tatu: kusema, kusoma, na maarifa ya jamii ya Uholanzi, lugha ikiwa ya kiwango cha A1, yaani cha mwanzo kabisa. Akishafika, sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 inamlenga kufikia kiwango cha B1, yaani cha kati, kwa kawaida ndani ya miaka mitatu. Kati ya A1 na B1 kuna jangwa, na darasa peke yake halilivuki. Zaidi ya hayo, Waholanzi wengi wanajua Kiingereza vizuri mno, na wakisikia lafudhi ya kigeni hugeukia Kiingereza mara moja, kwa nia njema, wakidhani wanakusaidia.

Wazee wa kringloop, wengi niliokutana nao, hawana haraka hiyo. Mama mmoja wa makamo aliyekuwa akisimamia meza ya taa alinishika mkono kabisa, akanipeleka kwenye soketi iliyo ukutani, akachomeka taa niliyoishika na kusema, "Kijk, hij doet het," yaani tazama, inafanya kazi. Kuanzia hapo kila kifaa cha umeme nilikiulizia kwa maneno hayohayo: "Doet hij het?" Bei nazo hufunza kuhesabu, jambo ambalo si dogo, kwa sababu Mholanzi hutaja mamoja kabla ya makumi, na mtu anayesikia "vijfentwintig", tano-na-ishirini, yaani ishirini na tano, asipojihadhari ataanza kutafuta noti ya hamsini. Anayekusemesha Kiingereza mwambie, "Ik wil graag Nederlands oefenen," kwamba ungependa kufanya mazoezi ya Kiholanzi, na utaona anavyofurahi.

Watu wetu wana faida moja ambayo wageni wengine huionea wivu. Ile g ya Kiholanzi inayotoka kooni, inayowatesa Waingereza na Wamarekani, haimsumbui aliyefundishwa chuo cha Kurani kutamka herufi za Kiarabu za kha na ghaini sawasawa. Taabu yetu iko kwenye irabu, hasa zile za huis na deur, nyumba na mlango, na kwa bahati mbaya hakuna anayeweza kuzungumzia samani bila kuzitamka.

Kasoro zipo, na siwezi kuzifumbia macho. Bei ni ile iliyobandikwa. Mazoea yetu ya kupatana huonekana utovu wa adabu, ingawa katika Marktplaats, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 1999, kupunguziana bei ni jambo la kawaida, na yule aliye na gari atapata vya bei nafuu zaidi huko. Maduka mengi hufungwa Jumapili. Upelekaji wa mizigo hulipiwa, na mara nyingi huishia mlango wa chini: duka moja, ambalo jina lake nalisitiri, liliniachia kabati langu kando ya barabara mvua ikinyesha, huku mimi nikiishi ghorofa ya tatu. Ni heri kuuliza mapema na kuwa na marafiki wawili wenye mabega. Godoro usinunue humo kabisa, hata likiwa safi machoni, kwa kuchelea kunguni. Lipate jipya, na upime kitanda kwanza, kwani Waholanzi ni warefu na vitanda vya sentimita 210 ni vya kawaida kwao, hivyo shuka ulizotoka nazo Malindi huenda zikafupika.

Anayeondoka naye huhudumiwa. Maduka mengi huja kuchukua samani kubwa bila malipo ukipiga simu kupanga siku, ila huchukua kile tu kinachoweza kuuzika tena. Mimi walinichukulia kabati, meza na viti vyote, wakaliacha godoro. Hilo lilinibidi niweke miadi na manispaa, kwa sababu anayetupa taka kubwa nje siku isiyo yake anaweza kutozwa faini.