Programu ya mazoezi ya kusikia, nimeitumia wiki 4

Jamani kama umevaa vifaa vya kusikia na bado penye kelele huambulii kitu, jaribu mazoezi haya. Mi nilidhani nikishavaa tu basi kumbe vifaa vinakuza sauti, ubongo uliokaa miaka bila kusikia vizuri lazima uzoeshwe upya kuyatenganisha maneno. Nafanya kwa simu, nusu saa, siku 5 kwa wiki, unasikia sentensi huku nyuma watu wanapiga stori, ukipatia kelele inaongezeka ukikosea inapungua, halafu kuna zoezi la mtu anayeongea harakaharaka, hilo limenitoa jasho kweli.

Kasoro kubwa ni ya Kiingereza tupu na sauti ni ileile moja. Kwa hiyo mke wangu ndo ananisomea maneno yanayokaribiana, fika, shika, pika, saa, faa, kaziba mdomo nisiuangalie na redio imewashwa, hapo ndo nimeona mabadiliko zaidi. Usikivu wenyewe haurudi, vipimo vyangu viko vilevile, ila mezani na wajukuu siulizi tena "eti?" kila dakika. Nyota 4.