Kutafuta chumba cha bei nafuu Dar kupitia dalali: uzoefu wangu

Huduma ninayoizungumzia ni ya dalali wa kijiweni, yule anayewatafutia watu vyumba vya kupanga uswahilini, kwa mwenye uwezo wa shilingi 40,000 hadi 80,000 kwa mwezi. Nimewatumia kwa vyumba vya Buguruni, Temeke, Tabata na Kimara. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wanajua chumba kinachoachwa wazi kabla hata mpangaji aliyepo hajafunga mizigo, na hilo lina thamani yake. Nyota mbili nimezipunguza kwa sababu dalali hulipwa chumba kikishachukuliwa, kiwe kizuri kiwe kibovu. Ukaguzi ni kazi yako wewe.

Kwanza malipo. Desturi ya Dar ni dalali kuchukua kodi ya mwezi mmoja, mara moja tu, na anayelipa ni mpangaji. Kabla ya hapo kuna hela ya kuonyeshwa. Nimekuwa nikiombwa kati ya 5,000 na 20,000, na hairudi. Patana naye juu ya hela hiyo mkiwa bado kijiweni: ni ya vyumba vingapi na kwa siku ngapi? Shilingi 10,000 kwa chumba kimoja ni ghali. Shilingi 10,000 ya kuzungushwa mpaka upate ni bei ya haki. Muulize pia kama chumba anacho yeye au amepewa na mwenzake, maana dalali wa pili anaweza kuibuka mkataba ukiwa umeshasainiwa akadai fungu lake. Mwambie mapema kwamba utatoa mwezi mmoja tu, wagawane wenyewe. Na hela hiyo itoke ukiwa na ufunguo mkononi, si kabla.

Kinachowakwamisha watu wa kipato kidogo ni hela ya kuanzia kuliko kodi yenyewe. Chukua chumba cha 50,000 ambacho mwenye nyumba anataka miezi sita: kodi 300,000, dalali 50,000, kuonyeshwa 10,000, kirikuu ya kuhamisha vyombo 30,000. Jumla 390,000. Akikubali miezi mitatu, inashuka hadi 240,000. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo kiasi cha kodi ni maelewano yenu tu. Mwachie dalali aongee, kwa kuwa naye hela yake haitoki msipoafikiana. Lugha iliyonifaa ni hii: miezi mitatu sasa, kisha mitatu mitatu, na tarehe za kulipa ziandikwe kwenye mkataba. Chumba kilichokaa wazi zaidi ya mwezi kinapatanika kirahisi, na majirani watakuambia kimekaa muda gani. Januari, ada za shule zikidaiwa, wenye nyumba wengi hukaza.

Sasa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, na hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo chumba cha bei rahisi kinapogeuka ghali. TANESCO, shirika la umeme, ina tarifu (daraja la bei) ya watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambayo watu wengi huiita tarifu 4. Humo uniti moja pamoja na kodi ya serikali ni kama shilingi 122. Kwenye tarifu ya kawaida ya majumbani ni kama 357. Nyumba ya vyumba sita inayochangia mita moja ni vigumu kubaki chini ya uniti 75, kwa hiyo wote mnanunua kwa bei ya juu hata kama wewe unawasha taa mbili na feni. Familia inayotumia uniti 30 italipa kama 3,700 kwenye mita yake yenye tarifu ndogo, na kama 10,700 kwenye mita ya pamoja. Ikiwa na friji na kufika uniti 60, ni 7,300 dhidi ya 21,400. Chumba cha 40,000 chenye LUKU ya pamoja kinaweza hivyo kukugharimu zaidi ya cha 50,000 chenye mita yake.

Tarifu hupimwa hivi: omba kuona meseji ya ununuzi wa karibuni. Shilingi 5,000 ikileta uniti 41, ni tarifu ndogo. Ikileta 14, ni ya kawaida. Usipimie ununuzi wa kwanza wa mwezi, kwa sababu humo hukatwa kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini inamkata yeyote anayenunua umeme. Kwa mwaka ni 18,000. Iseme mezani na iandikwe kwamba itapunguzwa kwenye kodi yako ya chumba. Usipoitaja siku ya kwanza, hutaipata tena.

Kama mita ni ya pamoja, uliza mnachangaje. Kuchanga kwa kichwa kunamwumiza mwenye taa tu, kwa kuwa anamlipia mwenye friji na pasi. Sabmita, yaani mita ya ndani ya kupimia matumizi, kwa kila chumba ni bora, ila soma namba yake siku ya kuingia na uipige picha.

Maji yana hesabu fupi zaidi. Watu wanne hutumia kama madumu manane ya lita 20 kwa siku. Mkinunua kwa 100 kila dumu ni 24,000 kwa mwezi, na yakiadimika bei hupanda. Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukaanza, nyumba zenye simtanki au kisima ndizo zilizopumua. Fungua bomba mwenyewe, na muulize mpangaji, si mwenye nyumba, yanatoka siku zipi.

Nauli nayo ijumlishe na kodi. Magari mawili kwenda na mawili kurudi kwa 600 kila moja ni 2,400 kwa siku. Siku 26 za kazi ni 62,400. Panapofikika kwa gari moja ni nusu yake. Vyumba vya pembezoni vinavyosifiwa kwa bei rahisi mara nyingi havivuki mtihani huu.

Ukaguzi ufanye mara mbili. Saa nane mchana utajua joto la bati lisilo na silingi bodi. Usiku utajua kelele, mwanga wa njiani na foleni ya choo. Hesabu vyumba na matundu ya choo. Uliza choo kinajaa kila baada ya muda gani, na gari la kunyonya likija analipa nani. Angalia ukuta kwa chini: mstari wa rangi ya tope au plasta inayopukutika usawa wa goti ni alama ya maji kuingia. Mabondeni, hasa kando ya Mto Msimbazi, kodi huwa ya chini kwa sababu hiyohiyo. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi ya wakazi wa huko walihamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, lakini vyumba viliendelea kupangishwa bondeni. Ukionyeshwa chumba cha huko wakati wa kiangazi, kitaonekana kizuri sana.

Swali linaloleta majibu mengi kuliko yote nawauliza wapangaji waliopo: aliyekaa chumba hiki alihama kwa nini? Waulize wakati mwenye nyumba hayupo karibu.

Utapeli ninaouogopa zaidi ni wa mpangaji anayejifanya mwenye nyumba. Amepanga mwezi mmoja, anakionyesha chumba kwa watu kadhaa, anachukua kodi ya miezi sita kwa kila mmoja, kisha anazima simu. Upo pia mgogoro wa nyumba ya urithi: ndugu mmoja anapangisha, wenzake wanauza. Dawa ya yote mawili ni kwenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya kutoa hela, kuuliza nyumba ni ya nani na nani hukusanya kodi. Majirani wa siku nyingi nao wanajua. Dalali akikukataza kwenda huko, au akisema kuna mteja mwingine njiani na hela taslimu, mimi huondoka. Usitume "hela ya kushikia chumba" kwa simu kwa sababu ya picha ulizorushiwa WhatsApp. Picha zilezile huzunguka miezi na chumba kimeshachukuliwa.

Mkataba uandikwe hata kama ni wa ukurasa mmoja wa daftari, nakala mbili, mashahidi, na mhuri wa serikali ya mtaa ukipatikana. Uwe na majina na namba za vitambulisho, kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kuisha, notisi ya pande zote mbili, nani anatengeneza nini, utaratibu wa LUKU, maji, taka na choo, na idadi ya mtakaokaa. Hilo la idadi watu hulipuuza. Kuna wenye nyumba wasiotaka watoto wengi au ndugu wa kuja kukaa, na ugomvi huanzia hapo. Andika pia kwamba kodi haitapanda ndani ya muda uliolipiwa. Hela ipitie benki au simu kwa jina lililo kwenye mkataba, au upewe risiti iliyosainiwa.

Anayetaka kukwepa gharama ya dalali anaweza, ila atembee. Chagua mtaa mmoja, upite Jumamosi asubuhi, uulize mama ntilie, fundi cherehani, mwenye duka na bodaboda wa kona. Vibao vya "chumba kinapangishwa" vipo, lakini vyumba vingi vya bei ya chini havipandishiwi kibao. Kwa mtu aliye na siku mbili tatu za nafasi napendekeza njia hii kwanza. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mwezi mmoja wa dalali ni hela inayolipika, mradi amfuate kwa masharti niliyoyataja.

Siku ya kukabidhiwa, badilisha kitasa au weka kufuli lako, kwa kuwa hujui funguo za zamani ziko kwa nani. Piga picha kuta, dari, soketi, dirisha na nyavu kabla ya kuingiza vyombo, na umtumie mwenye nyumba siku hiyohiyo. Halafu ingiza namba ya mita kwenye simu, nunua umeme na uhakikishe tokeni inakubali. Kama mita ina deni, mwenye nyumba alimalize mkiwa bado mmesimama mlangoni.