Zanzibara 2: Mombasa ya santuri ndogo, maneno mbele

Jina la mfululizo lisikuchanganye. Zanzibara ni albamu za muziki wa mwambao wetu zinazotolewa na Buda Musique ya Ufaransa, chini ya usimamizi wa Werner Graebner, mtafiti aliyeushughulikia muziki wa Waswahili kwa miaka mingi. Ya kwanza ni ya Unguja, kundi la Ikhwani Safaa na miaka yao 100. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoizungumzia, ni Mombasa tupu: taarab ya mji ule kuanzia 1965 hadi 1975, iliyokusanywa kutoka santuri za wakati wake.

Naandika nikiwa Wete. Sisi Wapemba taarab ilitujia kwa milango miwili. Redio ilituletea Unguja, na jamaa waliokuwa wakienda na kurudi walituletea Mombasa. Kwa hiyo sauti nyingi humu hazikuwa ngeni kwangu. Lakini kuzisikia nyimbo hizi zimepangwa pamoja, moja baada ya nyingine, bila matangazo wala kelele za ukumbini, ni jambo jingine kabisa. Nilielewa kwa nini watu wa umri wa mama zangu wanaweza kukusomea shairi la taarab ya Mombasa kutoka beti ya kwanza mpaka ya mwisho, ilhali la Unguja wanakuimbia kiitikio, na yaliyobaki wanakuvumia tu bila maneno.

Sababu moja ni kile kisahani chenyewe. Santuri ndogo ilichukua dakika chache tu kwa kila upande. Mwimbaji hakuwa na nafasi ya kuzungukazunguka. Ala zinajitambulisha, mara shairi limeshaingia, na kila mshororo lazima ufike. Kwetu mambo ni mengine. Ikhwani Safaa tangu 1905, na Culture Musical Club tangu 1958, wamejenga taarab ya kundi kubwa: safu ya fidla, ganuni, udi, nai, kodiani, na waitikiaji waliosimama nyuma. Usiku wa taarab unaweza kufunguliwa kwa bashraf, muziki mtupu usio na neno hata moja, na wimbo wenyewe ukaenda dakika kumi na zaidi. Naupenda sana mtindo huo na sitauacha. Ila fidla nane zikijibu kwa pamoja, mara nyingi ndizo zinazobaki kichwani, na shairi linafuata nyuma.

Mombasa walikuwa wakipiga kwa vikundi vidogo, walivyoviita party, na kazi yao kubwa ilikuwa arusi. Watu wachache, ngoma za kutosha, kodiani au kinanda, halafu udi au tashkota. Hii tashkota inastahili kusemwa kidogo. Ilibuniwa Ujapani mwaka 1912, ni ya nyuzi, na badala ya kubana nyuzi kwa vidole mpigaji anabonyeza vitufe vilivyochukuliwa wazo kutoka kwenye taipureta. Mlio wake ni mkali na unakata. Mpigaji hodari wa Mombasa anausindikiza mshororo, kisha anaurudia kwa nyuzi palepale mwimbaji aliponyamaza, hata unahisi neno limesemwa mara mbili.

Mji ule wa miaka hiyo ulikuwa na sauti za kila namna, na biashara ya kuzinasa ilikuwapo palepale mjini, lebo ya Mzuri ikiwa mojawapo ya waliozitoa kwa wingi. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, ndiye ninayerudi kwake zaidi. Udi wake hauna papara. Aliimba mashairi ya wakubwa wa fani, na ushirika wake na mshairi Ahmed Sheikh Nabhany uliyarudisha masikioni mwa watu mashairi ya zamani ambayo pengine yangebaki kwenye makaratasi. Ukimsikiliza usiku, taa zimezimwa, unafuata vina kama unavyofuata shanga za tasbihi. Zuhura Swaleh ni kinyume chake kabisa. Yeye ndiye aliyeipa chakacha, ngoma ya wanawake ya mwambao, nafasi kubwa ndani ya taarab ya Mombasa, na sauti yake inakuja moja kwa moja, haina pazia. Anachotaka kusema juu ya mapenzi au juu ya mtu mbaya wake utakisikia, na kiuno nacho kitasikia.

Mamkubwa wangu nilimwekea akiwa anapepeta mchele. Hakusema lolote kwa nyimbo kadhaa, ungo tu ukienda. Ilipofika moja yenye fumbo la mtu aliyepanda asivune, akauweka ungo chini, akamaliza beti iliyobaki kabla mwimbaji hajaifikia. Kisha akanieleza alipigiwa nani wimbo ule, katika arusi gani hapa Wete, na nani aliondoka ukumbini kabla haujaisha. Hayo siyaandiki.

Kuna watu Unguja wanaoidharau kidogo taarab ya Mombasa, wakisema ni ya mtaani, haina ala za kutosha. Mimi nawaambia wasikilize tena huku wakikumbuka kidumbak, taarab yetu ya mtaani ya ala chache. Watu wa Ng'ambo, ile mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, na wa mashamba hawakungoja orkestra. Fidla moja, sanduku la kupigia besi, ngoma mbili ndogo ziitwazo vidumbak na vijiti vya mkwasa, na arusi inawaka mpaka asubuhi. Ni roho ileile: watu wachache, mwimbaji mwepesi wa maneno, na wachezaji wanaosogea kutunza. Anayeipenda kidumbak akiisikia albamu hii atajiona yuko nyumbani, pengine kuliko anavyojiona mbele ya orkestra yenye suti na viti.

Sasa upungufu. Santuri ni santuri, na mkwaruzo umo. Baadhi ya nyimbo zinasikika zimetoka kwenye nakala iliyochezwa sana. Mimi haunisumbui, lakini usizisikilize kwa spika ya simu, kwa sababu tashkota inageuka sindano ya sikio na ngoma zinapotea kabisa. Tafuta spika yenye besi au vifaa vizuri vya masikioni. Pili, ufupi ule ninaousifu unauma pia. Kwenye arusi beti inarudiwa kadiri watu wanavyokuja kutunza, joto linapanda, mwimbaji anaongeza lake. Humu wimbo unakatika pale tu unapoanza kuchemka. Nani asiyetaka kusikia ulivyoendelea?

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Nilinunua nakala ya mtandaoni, na dukani nilikonunua zilikuja nyimbo tupu bila maandishi. Taarab hii ni mashairi kwanza, hivyo kuinunua bila kuyaona mashairi ni hasara kubwa kwa kijana asiyekuwa na mamkubwa wa kumfasiria mafumbo. Ukiweza, nunua sidii yenyewe. Mimi nimeanza kuyaandika kwenye daftari, wimbo mmoja mmoja, na penye neno la Kimvita, lahaja ya Mombasa, lililonipita nauliza jamaa zetu wa Kibokoni, mtaa wa huko, kwa simu. Kazi hii imenipa raha ambayo sikuitegemea.

Kwa mgeni wa taarab ningesema asianze na albamu hii yote kwa mkupuo. Asikilize chache, azirudie. Kwa Mpemba au Muunguja aliyezoea orkestra sina shaka hata chembe: inunue, na mwekee mtu mzima wa nyumbani kwako kabla ya kumwekea mwingine yeyote. Nami sasa naitafuta ya kumi katika mfululizo huuhuu, inayochukua Mombasa pamoja na Tanga, 1970 hadi 1990, maana Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star nayo ilisikika sana hapa kwetu, na nataka kuisikia ikiwa imekaa ubavuni mwa Mombasa.