Amplifaya ya miaka ya 1980 kwa fundi wa Mwanjelwa: uzoefu wangu

Amplifaya yangu ni ya Kijapani, wati 40 kila upande. Asubuhi za Julai, na baridi yetu ya Mbeya, taa inawaka lakini rilei (swichi ya ulinzi inayounganisha spika) haishiki, spika kimya. Ikipata joto rilei inavuta, ila unabaki muungurumo hata volyumu ikiwa sifuri.

Hapo mshukiwa ni kapasita za elektroliti, vifaa vinavyohifadhi chaji na kutuliza umeme. Hukauka kwa umri, na baridi huzidisha ukinzani wake wa ndani. Muungurumo usiofuata volyumu kwa kawaida hutoka upande wa pawa. Ungepanda na volyumu, ningeanza na kebo na ethi.

Fundi huyu nampa alama ya juu kwa sababu alipima kabla ya kununua chochote. Wengi hukimbilia transista, pesa inaliwa bure. Alianza kuunga balbu ya nyuzi ya wati 100 kwenye njia ya umeme: iliwaka kidogo ikafifia, maana yake hakuna shoti. Ingebaki inawaka kwa nguvu, unazima hapo hapo. Kisha akapima DC (umeme mnyoofu, usiotakiwa kufika kwenye spika) kabla ya rilei: milivolti 18 kushoto, 22 kulia. Chini ya 50 ni salama. Ikifika volti moja nzima, ulinzi una haki kugoma.

Kosa lilikuwa kwenye kapasita ndogo inayosafisha umeme wa rilei. Rilei ya volti 24 huhitaji kama 18 ili ivute. Asubuhi ilikuwa inapata 16. Aliibadilisha, pamoja na zile kubwa mbili za upande wa pawa, za 6800 µF (kipimo cha chaji inayohifadhiwa), volti 50, akaweka za volti 63 zinazostahimili joto la nyuzi 105. Kabla ya kuzigusa alizimaliza chaji kwa rezista ya kilo-omu 1, wati 5, akahakikisha mita inasoma sifuri. Za dukani pia zipimwe kabla ya kuchomelewa: bandia huwa na ganda kubwa na kitu kidogo ndani. Ya 6800 ikisoma chini ya 5440 (asilimia 80 yake), irudishe.

Alichoruka ni kupima mkondo wa transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, pasipo muziki. Amplifaya ikishakaa dakika 15 imewashwa bila muziki, pima volti kwenye rezista za emita, zile ndogo zilizoungwa na transista hizo. Zangu ni omu 0.22, milivolti 6 ni takriban miliampea 27, panatosha. Ilikuwa imepanda hadi 14, vipoza joto havishikiki. Nilimrudishia, akaishusha bila kudai nyongeza.

Nililipa shilingi 60,000, vifaa ndani yake. Volyumu bado inakwaruza kidogo; hiyo inataka dawa ya kusafishia viungo vya umeme, si mafuta ya cherehani.